Alizeti Kwenye Breki

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliazima pikipiki kwenda harusini, akairudisha imeoshwa inang'aa. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, maana tangu nimfahamu hajawahi kuosha hata sahani aliyolia chakula. Kesho yake nilifunga ndoo za asali, mke wangu akapanda nyuma, tukashuka kuelekea kivuko cha reli, hapa Itigi. Treni ya mizigo ilikuwa inapita. Nilipobana breki ya mbele, mkono wa breki ulizama mpaka mwisho. Ya nyuma peke yake haikuweza mzigo ule. Nikaitupa pikipiki vichakani kwa makusudi. Asali ikamwagika, mke wangu akavunjika mkono wa kulia.

Wakwe walimchukua kumuuguza kwao. Mkono ulipounga, hakurudi. Shemeji alikwisha kumweleza mama yake kwamba breki ilikuwa nzima, ila mimi naendesha kama kichaa. Mama mkwe hakunigombeza. Aliniambia kwa upole, "Baba, mwanangu hapandi tena chuma chako. Atakaa hapa." Upole ule uliniuma kuliko matusi. Niliapa shemeji atanilipa, tena mbele za watu.

Nilitandika gunia uani nikafungua masta silinda, kile kikopo cha mafuta ya breki kwenye usukani. Kifuniko kilipotoka nikasikia harufu ya jikoni. Nikachovya kidole, nikaonja. Alizeti. Kwetu Singida alizeti hutiwa kila mahali: kwenye mboga, kwenye bawaba za mlango, kwenye magoti ya bibi. Mafuta ya breki yalimpungukia huko harusini, naye akaomba ya kupikia, akajaza. Raba za pistoni zilikuwa zimevimba kama maharage yaliyolowekwa, hazisukumi kitu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ambayo zamani tulipangia foleni ya sukari sasa yalining'iniza vipuri mpaka mlangoni, halisi na bandia pamoja. Nilichagua raba mpya kwa kuzivuta na kuzinusa, mwenye duka akininunia. Nyumbani nikaosha silinda kwa spiriti, si petroli, kwa kuwa petroli nayo huharibu raba. Nikaisugua ndani kwa kitambaa, nikalowesha raba mafuta ya breki yenyewe, nikarudisha springi, pistoni na ringi yake. Kisha nikatoa upepo: bana, legeza nati, kaza, achia, mpaka mkono wa breki ukawa mgumu. Kazi ile ilinipa raha mbaya. Kila nilipobana, niliona shingo ya shemeji.

Nilipoijaribu na kuridhika, nilimfuata sokoni, nikamsalimia kwa bashasha.

"Shemeji, panda twende mpaka relini."

"Umeshatengeneza breki?"

"Si ulisema nzima? Nitengeneze nini?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Akaona aibu kukataa, akapanda. Kwenye mteremko nikaongeza mwendo. Pale kivukoni akina mama wauza asali walikuwa wanangoja treni ya abiria, nayo ilikuwa inapiga honi. Shemeji alinikumbatia kiuno.

"Simama, shemeji. Nilitia alizeti. Ni mimi."

"Sema kwa sauti, akina mama hawakusikii."

Akasema kwa sauti, akarudia bila kuombwa. Nikabana breki, pikipiki ikatulia hatua chache kabla ya wale akina mama, na reli bado iko mbele. Mmoja wao alikuwa mama mdogo wa mke wangu. Habari ilifika kwa mama mkwe kabla sisi hatujageuza, na jioni ile mke wangu alirudi nyumbani kwa miguu.

Nilifurahi, na sijaacha kufurahi. Mashemeji hutaniana, na anayekasirikia utani wa shemeji ndiye mwenye kosa. Basi kila anapokuja kula kwangu, hata sasa tuna mvi, namuuliza, "Shemeji, alizeti imetosha, au nikuongezee?" Hana budi kucheka.

Mke wangu hatanii. Wageni wengine huwapa sahani kwa mkono wa kulia, ingawa haunyooki tena. Kaka yake humpa kwa wa kushoto, akimtazama usoni, naye huipokea.