Kifungo cha Tatu

Mkwe wangu ana robo moja tu ya akili, na hiyo hiyo ndiyo anayowagawia wenye pikipiki tangu asubuhi hadi jioni. Watu wanamwita Robo Tu. Si mimi niliyempa jina hilo, ingawa wengi wanadhani ni mimi, na mimi sijajisumbua kukanusha.

Jina limetoka kwenye kazi yake. Umletee pikipiki yenye ugonjwa wowote, atachuchumaa, ataitazama kama daktari anayetazama ulimi wa mgonjwa, kisha atachukua spana na kuzungusha nati robo ya mzunguko. "Robo tu," anasema, anajifuta mikono. Mnyororo unapiga kelele, robo tu. Breki hazishiki, robo tu. Siku moja mtu alikuja na kiti kilichochanika, nikaacha kushona ili nisikie vizuri atasemaje.

Alikuja kumwoa binti yangu miaka sita iliyopita, na begi moja na sanduku la spana ambalo nusu yake ilikuwa misumari iliyopinda. Kabla ya hapo alikuwa akipanga magunia stoo. Ufundi alijifunza miezi minane, kwa mtu ambaye wateja wenyewe walimhamisha mtaa. Lakini binti yangu alimtaka, na mtoto akililia wembe mpe. Nikawapa chumba cha nyuma, na yeye nikampa nusu ya baraza, mahali ambapo marehemu mume wangu alitengeneza pikipiki miaka thelathini. Nusu nyingine ipo cherehani yangu. Wiki ya kwanza tu akapaka kibao chake: FUNDI MKUU. Mkuu wa nani? Yuko peke yake. Chini yake kuna paka.

Nguo anazovaa nashona mimi. Hilo nalisema mapema kwa sababu litakuja kuhitajika. Na kifungo nikikishona mimi kimeshonwa: nyuzi nne, kisha naizungushia shingo yake uzi mara sita, kisha fundo. Shati linachakaa, linakuwa tambara la kufutia sakafu, kifungo bado kipo kinakutazama.

Sasa klachi. Marehemu alikuwa na mapungufu yake, nikianza kuyaorodhesha karatasi hizi hazitatosha, lakini klachi aliijua. Alikuwa akisema mkono wa klachi lazima uwe na ulegevu kidogo pale kwenye shina lake, kabla waya haujaanza kuvuta. Ulegevu wenyewe ni unene wa kifungo cha shati. Alikuwa na kifungo kimoja cheupe mfukoni, anakipachika kwenye ule mwanya, kikiingia kwa kubana kidogo anafunga nati, kazi imekwisha. Waya ukikazwa mpaka mwanya ukaisha, ni sawa na mtu anayeshika klachi nusu kutwa nzima. Zile pleti za ndani hazibanani, zinasuguana tu, zinaungua. Nilimsikia akiwaeleza watu hivyo miaka thelathini nikiwa hatua nne kutoka kwake. Hata ukuta ungekuwa umeshajua.

Robo Tu hajui. Tena wateja wenyewe wanamharibu. Dereva wa bodaboda anakuja:

"Fundi, mkono wa klachi unacheza."

"Robo tu hapo." Anazungusha. "Hebu shika."

"Eh! Umekaza kama mpya!"

"Unacheza na mimi?"

Anaondoka anafurahi. Baada ya wiki mbili anarudi anaisukuma, inanuka kama kitambaa kilichosahaulika chini ya pasi, na Robo Tu anamwambia barabara za siku hizi mbaya. Barabara! Kama barabara ina spana.

Kwa watu wa nje nilinyamaza. Mtu mzima akiamua kumpa kipofu sindano amtungie uzi, shauri yake. Lakini mwaka huu yaliingia ndani kwangu.

Binti yangu ni mwalimu. Aliajiriwa kwa majaribio katika shule iliyo upande wa pili wa kilima, kile kinachoonekana ukikaa barazani petu, barabara imekipanda moja kwa moja kama mfereji. Akanunua pikipiki kwa jasho lake. Mwezi wa pili ikaanza: akifika katikati ya kilima injini inalia, pikipiki haiendi. Mume wake akaitazama. Robo tu. Kesho yake ikawa mbaya zaidi, akaisukuma mpaka juu, akaingia darasani kipindi cha kwanza kimekwisha. Mwalimu mkuu akamwandikia barua.

Robo Tu akaifungua injini, akanunua pleti mpya. Nilimwona akizifuta kwa kitambaa moja moja mpaka zikawa kavu kabisa, kama anawaandalia wageni. Akazipachika hivyo hivyo, akafunga, akakaza waya mpaka ukalia. Siku nne. Siku ya tano binti yangu akaiacha pikipiki kilimani, akaenda kwa miguu, akapewa barua ya pili. Hiyo ilikuwa na maneno machache: akichelewa mara ya tatu asirudi, kuna mwalimu mwingine anasubiri nafasi.

Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi Robo Tu akaishusha pikipiki kutoka kilimani, akaleta pleti nyingine mpya, akakaa chini akazungukwa na madereva wawili wasio na kazi. Binti yangu amesimama mlangoni. Nikasimamisha cherehani.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Hizo pleti ziloweke kwenye oili kwanza. Zilale humo."

Akacheka. "Mama, hizi si maharage."

Wale madereva nao wakacheka, maana kucheka hakuhitaji leseni.

"Na waya usiukaze," nikaendelea. "Uache mwanya wa kifungo."

"Kifungo?"

"Cha shati."

"Mama yangu," akasema kwa ile sauti ya kumlaza mtoto, "kifungo ni cha kufungia shati."

"Na kichwa ni cha kufikiria, mkwe wangu, lakini wengine wamepewa cha kuvalia kofia."

Safari hii madereva walicheka zaidi, na yeye hakucheka. Akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

Binti yangu akasema polepole, "Msikilize mama. Baba alikuwa akifanya hivyo."

"Nani fundi hapa?" akafoka. "Mimi au baba yako?"

"Baba amekufa."

"Basi!"

"Amekufa," binti yangu akasema, "na pikipiki alizozitengeneza bado zinapita hapa. Sikia, baba watoto. Jumatatu nikisukuma tena, kazi sina. Nikikosa kazi, sahani ya ugali haitajazwa na kibao chako." Akaingia ndani.

Nikarudi kwenye cherehani. Ukimwambia mtu mara ya pili, unampa nafasi ya kukataa mara ya pili. Yeye akakaa pale na zile pleti magotini, hakufungua hata nati moja. Madereva walipoona hakuna tena cha kuchekea wakaondoka.

Jumapili mchana akaikokota pikipiki mpaka uani, akasema barazani kuna jua. Barazani petu jua halijawahi kufika tangu nyumba ijengwe. Mimi si mtu wa kuchungulia. Nilikuwa na nguo zangu za kuanua huko uani, nikaenda kuzianua. Zilikuwa bado mbichi, lakini mawingu hayaaminiki.

Karibu na ukuta palikuwa na lile beseni langu dogo la bluu, limefunikwa gunia. Nikalifunua kwa ncha ya kiatu. Pleti zote zimelala ndani ya oili.

"Hizi zinafanya nini?" nikauliza.

"Zinapumzika, mama."

"Zimechoka?"

"Zimetoka dukani na joto."

Nikamwangalia. Akatazama spana. Nikachukua nguo zangu mbichi nikaondoka. Nyuma yangu nikasikia mlango wa uani unafungwa kwa komeo, kama vile ndani kuna mzazi anajifungua.

Jumatatu asubuhi binti yangu akatoka na mkoba wake, uso umemkauka. Hakuniaga kama kawaida, alisema tu, "Mama, haya." Akawasha, akaenda. Nikaketi pale barazani, na Robo Tu akasimama karibu yangu, mikono nyuma. Kutoka kwetu huioni pikipiki vizuri ikifika kilimani, inakuwa kama mdudu, lakini sauti inafika. Klachi ikiteleza injini inapiga ukelele mwembamba na mdudu anabaki palepale. Ukelele huo ulikuwa umeshatuletea barua mbili, na sikutaka kuusikia tena nikiwa hai.

Ikaanza kupanda. Sauti nzito. Ikafika katikati, pale penye nguzo. Robo Tu aliacha kupumua. Najua kwa sababu huwa anapumua kwa kelele. Sauti ikabaki nzito ile ile. Nguzo ikaachwa chini. Ikafika juu, ikapotea upande wa pili.

Akatoa pumzi kama tairi.

"Umeona, mama?" akasema. "Niliiongezea robo tu."

Ndipo nikageuka kumtazama vizuri. Alikuwa amevaa shati la kijivu nililomshonea mwaka jana. Kifungo cha tatu hakipo. Tumbo limejitokeza hapo linaangalia barabara. Na pale kilipokuwa kifungo, nyuzi nne zimekatwa sawasawa, kwa wembe.

"Kifungo kimekwenda wapi?"

Akajishika tumbo. "Ah, kimedondoka."

"Kimedondoka."

"Ndiyo, mama. Si unajua nyuzi za siku hizi."

Nyuzi za siku hizi! Mtu amekata kifungo changu kwa wembe, amekitumia kama nilivyomwambia, amemwokolea mkewe kazi kwa akili ya baba mkwe aliyekufa, halafu lawama anaitupia uzi wangu. Ningemsamehe wizi. Ningemsamehe hata ujinga, nimeuzoea. Nilimwambia, "Sawa, mkwe wangu. Uzi ndio mbaya." Nikaanza kushona.

Binti yangu hajachelewa tena. Mwisho wa muhula alipewa barua ya tatu, hiyo ya kumthibitisha kazini, na Robo Tu aliisoma kwa sauti barazani kama vile imeandikwa kwake. Pikipiki za wateja nazo siku hizi hazirudi zikinuka. Anachuchumaa, anawageuzia mgongo, anaingiza kitu kidogo cha kijivu kwenye mwanya, anakirudisha haraka mfukoni, kisha anasimama na kusema "robo tu". Wao wanaamini.

Lile shati bado analivaa. Binti yangu ameniomba mara nyingi. "Mama, mshonee tu, ni aibu, watu wanaliona tumbo."

"Nitamshonea," namjibu. "Alete kifungo chake. Kikianguka huwa kinaanguka chini, si hewani. Akiokote akilete, nitakishona siku hiyo hiyo kwa nyuzi nane."

Yeye anasikia, anainamisha kichwa kwenye injini. Hakileti. Na mimi vifungo vya kijivu vya aina ile ninavyo, kopo zima, liko hapa mkononi mwangu. Kifuniko sijakifungua.