Kilo Themanini za Uaminifu

Hanmantrao Yadrave alihama vyama mara nne, na kila mara alisema ni kwa ajili ya wakulima wa miwa. Wakulima wenyewe hawakuulizwa. Alianza kama mpagazi, akibeba mabonge ya sukari guru kichwani mpaka soko la Vadgi, karibu na Kolhapur, India. Akamwoa Indutai, binti wa tajiri wa soko. Mzee alipofariki, akarithi ghala, kiti cha mwenyekiti wa soko, na mizani kubwa ya mbao iliyoning'inia mlangoni. Mzee aliusia fundi yeyote asiiguse ile mizani. Hanmantrao alielewa vizuri sana kwa nini, akauchuna miaka ishirini.

Sasa alitaka ubunge wa jimbo, tena kwa udi na uvumba. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na akikosa safari hii hakuna chama cha tano ambacho kingempokea.

Wakati wa kampeni akafadhili kambi ya kupima afya bure, naye akawa wa kwanza kupanda mzani wa daktari.

"Kilo themanini kamili!" mpiga debe wake akanguruma kwenye kipaza sauti. "Kilo themanini za uaminifu mtupu!"

Gazeti likaandika, mabango yakachapishwa. Mtu mzima na akili zake, anafurahia uzito kama mtoto mchanga aliyetoka kliniki!

Siku tatu baadaye ikafika siku ya kupimwa kwa sukari guru, heshima ambayo kila mgombea wa kule anaililia. Anakaa kitanga kimoja cha mizani, sukari inapangwa kwenye kingine hadi anyanyuke, kisha inapelekwa hekaluni. Asubuhi hiyo Indutai alimwonya.

"Baba Sangita, kodi mizani nyingine."

"Nikodi na yangu ipo? Watasema nimefilisika."

"Ile ya baba unaijua."

"Leo hapimwi mkulima, Indu. Napimwa mimi."

Mizani ikavishwa maua ya manjano. Mheshimiwa mtarajiwa akakaa kitanga cha kulia, pale panapowekwa mawe ya mizani, kwa sababu upande huo picha zingetoka vizuri. Wapagazi, kwa mazoea, wakapanga sukari kushoto. Walikuwa wameandaa mabonge manane, kila moja kilo kumi, yote yamepigwa muhuri. Ngoma zikapamba moto. Bonge la nane likawekwa, na Hanmantrao bado kakaa chini kama gunia.

"Ongezeni!" akafoka, akijitahidi kutabasamu.

La tisa. Wapi! La kumi ndilo lililomwinua, jasho likimchuruzika.

Mashabiki wa kukodiwa wakashangilia. Wakulima walikuwa wanahesabu kwa vidole. Mbele yao alisimama Akkatai Magdum, mjane mwenye ekari mbili za miwa na ulimi usio na breki.

"Anna," akaita, kama watu wa kule wamwitavyo kaka mkubwa, "juzi si ulikuwa themanini?"

"Mapenzi ya wananchi yamenijaza, dada!"

"Kwa siku tatu? Umemmeza nani?"

Watu wakaangua kicheko.

"Haya, hamia kitanga kile tunachowekea sisi sukari yetu."

"Ni mkosi kuhama."

"Vyama vinne umehama, kitanga ndiyo mkosi?"

"Ahame! Ahame!" umati ukapokea. Hanmantrao akamtazama mkewe; Indutai alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Akahama. Sukari ikapangwa upande wa mawe. Bonge la sita likamtikisa. La saba likamrusha juu, miguu ikining'inia.

"Umeona, Anna?" Akkatai akasema, na sasa hakuwa akitania. "Upande wetu hata wewe unakonda. Mimi nimekonda hapo miaka ishirini."

Hanmantrao alibaki akiyumba hewani, na aibu, aibu ya kweli, ikamchoma masikio. Yeye mwenyewe aliwahi kubeba yale mabonge.

Kura zikamtupa mkono. Akanunua mizani mpya, lakini hakuna aliyeiamini, na wakulima wakatishia kuhamia soko jingine.

"Sokoni hapa tunajua kitu kimoja tu kilichopimwa mbele ya watu," Akkatai akamwambia. "Wewe."

Basi siku hizi, kila siku ya soko, Hanmantrao anapitia kwanza kwa daktari kupimwa uzito, kisha anakuja kukaa kwenye kitanga yeye mwenyewe, jiwe la mizani lenye masharubu. Mabonge manane, anapanda, wanaofuata! Akinenepa, wakulima wanapunjwa, kwa hiyo soko zima linalinda mdomo wake.

Sikukuu ya Diwali, Indutai alimletea puranpoli, chapati zilizojazwa dengu na sukari guru, zinachuruzika samli. Hanmantrao akakunja moja, akaipeleka kinywani. Akkatai, akiwa wa tatu kwenye foleni, akamdaka mkono.

"Weka chini, Anna. Hiyo ni sukari yangu unayokula."

Akaiweka.