Nyumba ya Bibi Nyuma ya Mlima

Juzi nilisimama kwenye hekalu jeupe lililo juu ya mlima wa Mae Hong Son, mpakani mwa Thailand na Burma, nikacheka peke yangu. Mlima ule, pamoja na ukungu wake, ulikuwa kwenye kalenda ya ukutani jikoni kwetu London nilipokuwa mtoto, zawadi ya jirani. Mama alipopika vitumbua huku akisifu kwao Unguja, aliuelekea ukuta ule, nami nikaamini Unguja ndiko huko.

Alasiri aliyofika Bibi kutoka Unguja, kanga zake zikinukia udi, nilimvuta hadi kwenye kalenda.

"Bibi, nyumba yako ipi?"

Mama aliangua kicheko. Bibi alivaa miwani, akatazama kwa makini.

"Iko nyuma ya mlima huu, mjukuu wangu. Ndiyo maana huioni."

Sasa najua Unguja haina milima. Hata hivyo juzi, kabla ya kushuka, nilizunguka nyuma nikachungulia.