Karamu Moja kwa Vijana Wawili

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na wazee wa mila walitaka angoje msimu mwingine wa tohara. Baba alishafariki, kwa hiyo msimamizi wake nilikuwa mimi. Nilikuwa nachuuza mbuzi minadani, Nyanungu hadi Susuni, na kitu chochote ukinitajia, bei au muda, lazima nikiombee kipungue. Mtoto wa baba mdogo alikuwa anatahiriwa msimu huo. Nikapiga hesabu, nikairudia: vijana wawili, karamu moja, fahali mmoja. Nikawaendea wazee na shikamoo zangu, nikawaeleza kwamba dogo anachunga peke yake, sauti imekuwa nzito, na kwa kula ameshawapita wanaume wengi. Wakacheka, wakakubali. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja kuliko wote.

Mbele ya ngariba dogo hakutikisika. Nilijivuna utadhani niliyekatwa ni mimi.

Hajamaliza hata miezi mitatu tangu apone, asubuhi moja mayowe yakapigwa. Ng'ombe walikuwa wameibwa, na waliolaumiwa ni ukoo wa ng'ambo ya mto. Kwetu aliyetahiriwa akisikia yowe habaki nyumbani. Baba mdogo akaja na upinde wa ziada, akamwita dogo, "Mura, twende," kama anavyoitwa mwanaume.

Nikamshika dogo mkono. Nikasema huyu bado mtoto, mimi nitapigana kwa ajili ya wawili.

"Si wewe uliyetuambia amekua?"

Baba mdogo hakuwa na hasira. Aliuliza tu. Nimebishana na walanguzi wa Sirari mpaka wakanikimbia, lakini pale niliuachia mkono.

Mtoni vurugu zilitutenganisha. Jioni nilisimama juu ya kilima nikiwahesabu watu wetu wakirudi. Dogo hayumo. Nikahesabu tena. Alitokea nyuma ya wote, mzima, podo lake halina mshale hata mmoja. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakanigeukia.

Chakula hakugusa. Alikwenda kukaa nyuma ya zizi, nikamfuata nikidhani ameumia mahali anapoona aibu kuonyesha.

"Kaka," akasema, "yule niliyempiga alivaa kaptula ya shule. Na yeye alikuwa ametahiriwa?"

Nikamwambia ndiyo. Huyo mtoto sikumwona, na mpaka leo sijui kama alipona.

Akaniuliza nimejuaje.

Nikamwambia twende ndani, ugali unapoa.