Siku Nilipopeleka Jiwe la Nyota Ukweni

Nikisema sioni aibu nitakuwa nadanganya, maana mpaka leo nikifika Bwera navuta kofia mpaka machoni.

Mahari ya Wakonzo ni mbuzi, na siku ya kupeleka mahari ya mchumba wangu Biira kwao Bwera, mbuzi wetu mmoja alivimba tumbo akafa asubuhi, hatujatoka hata Kasese. Badala ya kusema ukweli na kuomba muda (watu wanaomba kila siku), mimi nikakumbuka zorani. Zorani ni madini niliyoyaona kwenye kibanda cha video, filamu ya vyombo vya angani, jiwe la kijani na buluu linalorusha chombo hadi kwenye nyota bila tone la mafuta, na yule mtafsiri anayeelezea filamu kwa maikrofoni alisema zorani imejaa hapa hapa kwetu, kwenye taka za machimbo ya shaba. Sasa mimi mtoto wa kambi ya jeshi, Kiingereza changu cha kuokoteza, ningejuaje kwamba hilo aliliongeza mwenyewe ili watu wacheke? Tena jiwe la namna hiyo nilikuwa nalo, nililiokota mtoni nikalificha chini ya kitanda mwaka mzima nikijiona tajiri.

Basi nikasimama mbele ya ukoo wote na koti la kuazima, nikaliweka jiwe juu ya kitambaa cheupe, nikaeleza habari za nyota. Wakatazamana. Nikadhani wamestaajabu, nikaongeza kwamba mbuzi aliyepungua ni mmoja tu, ila jiwe hili thamani yake ni zizi zima. Sijui nani alianza kucheka. Baba yangu, afande mzima, alikuwa anaangalia buti zake.

Baba yake Biira (hakuna aliyeniambia kwamba alichimba shaba mpaka akastaafu) aligeuza jiwe polepole.

“Mutoto yangu, hii tulikuwa tunatupa. Mbuzi iko wapi?”

Nilichanganyikiwa kabisa, nikajibu kwamba amekufa, nikasikia mtu ananipa pole, na sikuelewa kama pole ni ya mbuzi au ya akili zangu.

Biira alinisindikiza hadi barabarani, kisha akauliza, “Siku nikiwa mugonjwa, utauliza daktari ao utauliza filamu?”

Nilisema daktari, lakini nilichelewa kidogo kujibu, naye akaona. Wazee walikubali nilete mbuzi mwingine. Biira ndiye aliyeomba muda wa kufikiri, na mpaka leo anafikiri. Jamani, ukipungukiwa, sema umepungukiwa.