Pilau ya Hitma Mjini Aldersby

Mzee Sefu Chome wa Msambweni hajapata kuuliza idadi ya wageni. Ni mpishi wa shughuli, za harusi na za hitma, na mwenye shughuli naye huwa haijui idadi hiyo, kwa hiyo kumuuliza ni kupoteza pumzi bure. Kwetu hitma haina kadi ya mwaliko. Unamwambia mtu mmoja sokoni, basi umemaliza. Siku ikifika ua umejaa, waliomjua marehemu na wasiomjua, wanasoma, wanaitikia dua, wanakula, wanakwenda zao. Kazi ya Sefu ni kukisia. Hukumbuka kama marehemu alikuwa mtu wa watu au la, kisha huchagua sufuria. Toka Gazi hadi Shimoni chakula chake hakijapata kupunguka, na ana majivuno kidogo kwa hilo. Ukimsifu hatakuzuia.

Mwanawe wa pekee alikuwa Swabir. Kijana huyu alikuwa akiandalia meza katika hoteli moja ya Diani, na hapo ndipo alipokutana na Gemma, Mwingereza aliyekuja Ukunda kusomesha. Walifunga ndoa kwa kadhi, wakakaa Ukunda miaka mitatu, kisha wakahamia kwao Gemma, katika mji mdogo wa kale unaoitwa Aldersby. Swabir akapata kazi katika kiwanda cha jibini. Asubuhi moja ya baridi moyo wake ulisimama akiwa kazini, naye hajatimiza hata miaka thelathini na mitano.

Watu wa msikiti wa mji mkubwa wa jirani walimwosha na kumsalia. Gemma aliomba azikwe karibu naye, na Sefu akaridhia kwa simu, maana mtu afanyeje na simu mkononi. Msambweni wakasoma hitma, ua ukajaa, Sefu mwenyewe akapika ya mwanawe huku machozi yakimtoka na akisingizia moshi. Mkewe, Mwanamkuu, hakutulia.

"Watu wake wa huku nawajua," alisema. "Huko aliko ndiko nisikokujua."

Viza ilichelewa hata wakakata tamaa. Ilipotoka, Gemma alitaka kuwakatia tikiti wote wawili. Mwanamkuu alikataa kwenda. Alisema akiliona lile kaburi hatakubali kuondoka pale, na watamfukuza kwa aibu. Usiku wa safari alimfungia mumewe binzari ya pilau ndani ya mfuko, akamfungia mwingine juu yake, kisha akamshika mkono.

"Nenda ukanitazamie jambo moja tu, baba Swabir. Kama mwanangu ana watu. Ukirudi uniambie."

Gemma alimpokea uwanja wa ndege kwa shikamoo iliyokamilika, na Sefu akaitikia marahaba na kumshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba Swabir hakuoa mtu asiye na adabu. Lakini Gemma ni mwalimu, hutoka asubuhi na kurudi jioni. Mchana wote Sefu alikuwa peke yake katika nyumba nyembamba iliyobanwa na nyumba nyingine nyembamba. Aliwasikia majirani wakifungua maji upande wa pili wa ukuta. Sura zao hakuziona.

Alitoka kuutembelea mji. Ni mji mzuri, asiseme mtu kwamba Sefu alikuwa na chuki nao. Katikati pana uwanja wa soko uliotandikwa mawe, na banda la mawe lenye msalaba juu, na kibao kinachoeleza kwamba mfalme fulani aliwapa ruhusa ya kuuziana hapo yapata miaka mia saba iliyopita. Nyumba zinazouzunguka zimeinama kidogo, moja ikiiegemea nyingine, na hakuna anayeshtuka. Nyuma ya kanisa njia inashuka mtoni, inavuka daraja, kisha inapanda malishoni. Huko ni majani matupu, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na kondoo waliopakwa rangi mgongoni. Njia inapita katikati ya shamba la mtu na mwenye shamba hakukatazi, mradi ufunge lango. Sefu alilifunga kila moja kwa uangalifu. Alitembea hadi juu ya kilima akautazama mji wote chini, akawaza kwamba mwanawe aliyapenda haya, kwa sababu aliwahi kuwatumia picha ya hapo. Hakuwa na wa kumwambia.

Watu alikutana nao, na mbwa wao. Walimsabahi vizuri, tena kwa tabasamu. Shida ni kwamba kabla hajauliza habari za nyumbani walishapita, akabaki ameligeukia koti la mtu linalokwenda. Baada ya siku kadhaa aliacha kugeuka. Na jua la huko lilimtesa, maana ilikuwa mwezi wa Mei na halikutaka kuzama. Msambweni magharibi ikiadhiniwa watu hukusanyika. Huku alikaa dirishani saa nyingi kuisubiri magharibi, na ilipofika aliisali peke yake sebuleni, Gemma akiwa anasahihisha madaftari ya watoto.

Kaburini alikwenda na Gemma Ijumaa ya kwanza. Palikuwa safi, pana jiwe na jina la Swabir Sefu limeandikwa bila kosa. Sefu alisoma Yasini, akafuta uso, na swali la mkewe likamrudia. Akamuuliza Gemma kama hapa ilisomwa hitma. Gemma alitazama chini. Alisema watu wa msikiti walirudi kwao siku ile ile, na yeye hakujua nani wa kumwambia.

Basi Sefu akajua alichojia. Kama Swabir ana watu katika mji huu, watakuja kwenye hitma yake. Na jambo la kufanya hitma yeye ndilo ajualo kuliko yote.

Alhamisi ni siku ya soko. Sefu alivaa kanzu na kofia yake ya kazi ya mkono, akaenda kwa muuza mboga aitwaye Colin, mtu mnene mwenye mikono myekundu, ambaye Gemma alisema Swabir hakununua vitunguu kwa mwingine. Kiingereza cha Sefu ni cha jikoni, alichokiokota zamani alipokuwa akiosha masufuria Diani, lakini kilitosha. Alisema yeye ni baba yake Swabir. Jumapili mchana, nyumbani kwa Gemma, watamwombea, na watu watakula.

Colin alivua kofia. Alimshika Sefu mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema Swabir alikuwa kijana mzuri, na macho yakamlengalenga. Akampa vitunguu gunia zima na akakataa malipo. Sefu alirudi nyumbani akiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege. Neno limeshafika sokoni.

"Baba, umemwalika nani?" aliuliza Gemma alipoona gunia.

"Nimeshasema sokoni, mwanangu."

Gemma alikuwa ameishi Ukunda, alizijua hitma, na wakati huo huo ule mji ulikuwa wa kwao. Angeweza kumwonya. Alimtazama mzee akichambua vitunguu huku akiimba kidogo kidogo puani, akaenda kuazima sufuria kubwa la supu kutoka ukumbi wa kanisa.

Sefu alikisia. Swabir alikuwa mtu wa watu tangu utotoni, alisalimia hata punda. Kiwandani kuna wenzake, sokoni kuna Colin na watu wa Colin, kuna majirani wa ukutani. Akapika ya watu sitini, na kwa mashaka akaongeza mchele. Aliinjika asubuhi kwenye uwanja mdogo wa nyuma, binzari ya Mwanamkuu ikanukia mtaa mzima, hata dirisha la jirani likafunguliwa. Kisha likafungwa. Walitandika mashuka yote ya nyumba juu ya majani, kwa kuwa majamvi hayakuwapo.

Adhuhuri ilifika. Sefu alisali, akaketi mahali anapoketi mwenye msiba, akauacha mlango wa mbele wazi ili mtu asisumbuke kubisha. Akangoja. Mwanzoni alisema Waingereza nao huchelewa, kumbe wanasifiwa bure. Baadaye kila kiatu kilichopita barabarani alikifuata kwa masikio mpaka mwisho wa mtaa. Alasiri ilipoingia alifungua msahafu akasoma peke yake, kwa sauti ya mtu anayesoma katikati ya watu. Alipoomba dua, palipotakiwa watu kuitikia, alinyamaza kidogo kama kawaida. Gemma akaitikia amin. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini hakuacha hata moja.

Kisha walikula, wawili, kwenye mashuka ya watu sitini. Sefu hakuweza kumaliza sahani yake. Kilichomuumiza hakikuwa wali. Aliumia kwamba ameuzunguka mji mzima na mwanawe hakuwa na mtu humo, na kwamba ni lazima arudi kwa mama wa mtoto na habari hiyo mdomoni. Jioni Gemma alitia pilau katika vikopo na kuijaza friji ya barafu mpaka mlango ukakataa kufunga. Wiki nzima walikula ya hitma, jioni baada ya jioni, pasi na mmoja kumwambia mwenziwe kwamba imemchosha.

Alhamisi Sefu alikwenda sokoni kwa hasira. Alitaka kumwona Colin usoni, basi. Colin alimwona yeye kwanza, akamvuta pembeni ya banda, mbali na wateja.

"Usiwe na wasiwasi, mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Sijamwambia mtu hata mmoja. Mimi na mke wangu tulikaa nyumbani siku nzima, tusije tukawasumbua. Msiba ni wa wenyewe."

Alisema hayo kwa fahari, kama mtu aliyepewa amana na sasa anairudisha salama. Hasira ya Sefu haikupata pa kukaa. Mtu amemfanyia heshima kubwa kuliko zote anazozijua. Alimshukuru, akanunua karoti asizozihitaji, akatoka na karoti zake.

Siku ya mwisho alikwenda kaburini peke yake. Aliposoma na kumaliza hakuinuka. Alitazama kulia na kushoto, jambo ambalo hakulifanya kabla, akaona mawe ya makaburi ya jirani, yaliyoota ukungu. Aliyasoma majina polepole, akayarudia mpaka akayashika.

Mwanamkuu alimngojea barazani Msambweni. Alimpa maji, akasubiri jamaa watoe pole zao na waondoke, kisha akasogeza kigoda.

"Haya. Ana watu?"

"Anao," alisema Sefu.

"Nani?"

"Kulia kwake yuko Arthur. Mtu mzima. Kushoto yuko bibi mmoja, Edith."

"Watu wa namna gani?"

"Wapole. Hawana neno na mtu."

"Humtembelea?"

Sefu aliangalia kikombe chake. "Wako naye usiku na mchana, Mwanamkuu. Hawaendi popote."

Mwanamkuu alikuwa mke wa mtu huyu kwa muda mrefu, na sauti yake aliijua ikiwa na afya na ikiugua. Aliuliza moja tu zaidi, taratibu.

"Wako pale tangu lini?"

"Edith, kabla Swabir hajazaliwa."

Hapo alielewa yote, na Sefu akaona kwamba ameelewa. Mwanamkuu alivuta leso akafuta uso wake, akakaa hata taa za jirani zikawashwa.

"Basi ni wenyeji," alisema mwishowe.

Ijumaa iliyofuata, Mwanamkuu alipomwombea mwanawe baada ya sala, Sefu alimsikia akiwataja na wale wawili, Arthur kwa wepesi, Edith kwa taabu, akirudia mpaka lilipomkaa ulimini. Mwalimu wa msikiti angekuwa na la kusema juu ya jambo hilo. Hakuulizwa.