Ubao Kati ya Vyumba Viwili

Mama Vifungo alilipata jina hilo kwa kushona sare za shule miaka ishirini na mitatu. Chumba chake na cha jirani yake, muuguzi mstaafu, vilitenganishwa na ubao mwembamba tu. Watu husema kuta zina masikio. Ule wao ulikuwa na mdomo pia.

"Hiyo cherehani yako itanitia wazimu!" muuguzi alizoea kusema.

"Na redio yako je? Inahutubia mtaa mzima!"

Jambo la kwanza walilowahi kukubaliana ni kumwendea mwenye nyumba pamoja, wakamwomba ukuta wa matofali. Akaahidi mwezi ujao.

Mwezi haujafika, Mama Vifungo akameza dawa yake ya sukari asubuhi, akasahau kula, maana sare arobaini zilikuwa zinamsubiri. Kufika adhuhuri mikono ikamtetemeka, jasho likamtoka, uzi mmoja akauona mbili. Akaanguka, na mkasi ukalia sakafuni.

Upande wa pili redio ikazimwa.

"Jirani! Mbona kimya?"

Mama Vifungo alisikia, ila ulimi haukunyanyuka. Na mlango alikuwa ameufunga kwa komeo. Mara kikaja kishindo, kingine, kingine tena: muuguzi, mama wa miaka sitini na minane mwenye goti bovu, alikuwa anaupiga ubao kwa mchi. Misumari ikang'oka. Akapenya katikati ya vumbi, akampaka asali kwenye fizi huku akimgombeza.

"Sare zitavaliwa msibani kwako, au?"

Mama Vifungo alilia kabla hajaweza kusema. Ingekuwa matofali, aliwaza, wangenikuta kesho.

Wiki ile ile mwenye nyumba akatimiza ahadi, mara moja maishani mwake. Mwashi akashusha matofali, akachanganya saruji.

"Jenga, baba," Mama Vifungo akamwambia, "ila hapo katikati niachie mlango."

"Mlango wa kwenda wapi, mama?"

"Kwa dada yangu."

Muuguzi, ambaye ndugu zake wote walishatangulia mbele ya haki, akageuka kando akajifanya anakohoa vumbi.

Siku hizi, kila adhuhuri, huingia bila hodi na sahani mkononi, akaitua juu ya kitambaa kinachoshonwa. Mama Vifungo hunung'unika kwamba mafuta yatachafua sare za watu. Kisha humsogezea kiti, akasema ahsante, dada, nao wakala.